Sindano ya Saba

Ijumaa, 6 Machi

Nikikutwa nimekufa asubuhi, msihangaike kumtafuta mchawi, wala msimsumbue mume wangu kwa maswali. Hajui lolote. Nimeamka saa nane na dakika kumi usiku nikiwa nakata roho, akanishika bega kuuliza kuna nini, nikamfokea asiniguse. Akageukia ukutani. Sasa hivi analala kama pono, nami niko jikoni na daftari nililolikuta kabatini, mwandiko umekuwa kama wa kuku.

Sikuota kitu. Ningeota simba ningemlaumu simba. Niliamka tu, kama mtu aliyeitwa kwa nguvu akachelewa kulisikia jina lenyewe. Moyo unagonga kama polisi mlangoni, vidole vimekufa ganzi, pumzi inaingia nusu na kugoma. Nikajua ndiyo hii, siku yenyewe imefika, na nguo hata sijafua.

Mvua ya kwanza ya masika inapiga bati. Ni saa tisa kasoro robo. Moyo umetulia, lakini siuamini.

Jumamosi, 7 Machi

Niko hai. Naona aibu kidogo kwa niliyoandika jana. Sindano saba.

Jumatatu, 9 Machi

Sindano saba ni hesabu ya karakana. Mimi ni fundi wa magodoro ya sufi, kama baba alivyokuwa kabla yangu. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata akiwa anatafuna, huchambua sufi na kushona mifuko ya kitambaa cha mistari. Mimi hujaza, kisha napiga vifundo: sindano ndefu inatoboa godoro toka juu hadi chini na kurudi, uzi unafungwa, ili sufi isihamie upande mmoja. Sindano hizo ziko saba. Sita ni za chuma. Moja ni ya shaba, ilikuwa ya baba, na imepinda kidogo kwa kuuzoea mkono wake. Kila jioni zote hurudi kwenye matundu yake katika ubao wa ukutani, nami nazihesabu kwa sauti.

Sheria nyingine ya baba: godoro halitoki mlangoni kabla fundi hajalilalia. Pumzi mia upande mmoja, unaligeuza, pumzi mia upande wa pili. Unalala chali, unalala ubavu, unajiviringisha, na hakuna anayeruhusiwa kukusemesha usije ukapoteza hesabu. "Mkono hudanganywa na sufi," alikuwa akisema. "Mgongo haudanganywi."

Leo amekuja Matroni wa shule ya bweni. Anataka magodoro ishirini na manne ya wasichana wadogo kabla shule haijafunguliwa mwanzoni mwa Mei. Ana miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, na huongea kama anayepiga kengele.

"Wengine wana miaka sita, fundi. Usiku wa kwanza wote wanalia. Basi angalau walilie mahali laini."

"Magodoro yetu, Matroni, hata machozi hayapenyi," Kasuku akasema.

Hakucheka. Sindano saba.

Jumatano, 11 Machi

Saa nane na dakika kumi, tena. Nimefika jikoni nimeshika ukuta. Taa ya jikoni nimeikuta inawaka. Mume wangu na usahaulifu wake.

Jumamosi, 14 Machi

Usiku mzima kimya. Labda yamekwisha. Sindano saba.

Jumatatu, 16 Machi

Hayajaisha. Mara mbili usiku mmoja. Ya pili nilitoka hadi barazani nikasimama kwenye mvua na gauni la kulalia, nikivuta hewa kama samaki aliyeopolewa. Kila mara ni vilevile: kuna mtu ameniita, na nikifungua macho sauti imeshapita, kimebaki kimya chake tu chumbani. Nimetazama chini ya kitanda. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, nimetazama chini ya kitanda.

Mume wangu hakutingishika. Mtu akifa ubavuni mwake, huyu atajua harufu ikianza.

Jumatano, 18 Machi

Hospitali. Nilimdanganya Kasuku kwamba nafuata uzi. Daktari ni binti wa rika la mpwa wangu. Alinipima moyo, damu, pumzi, akanibandika waya kifuani.

"Moyo wako mzima, mama. Hili ni shambulio la hofu. Mwili unashtuka bure, kama mbwa anayebwekea kivuli."

"Mwanangu, mimi si mwoga. Muulize yeyote."

"Haliulizi kama wewe ni mwoga. Linapanda, linafika kileleni, halafu linashuka lenyewe. Dakika kumi, ishirini. Haliui. Ila ukilikimbia, kesho litakukimbiza zaidi. Likija, kaa nalo. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, ulingojee lishuke." Akaandika kitu. "Kuna jambo lilitokea? Msiba, ajali?"

Nikamwambia hakuna. Sijui kwa nini nilimwambia hakuna.

Kaa nalo! Yeye analala usiku, huyo.

Jumapili, 22 Machi

Nilijaribu kukaa nalo. Nilikaa hadi pumzi ya tano.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua haikatiki. Sufi ikinyonya unyevu inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, kwa hiyo tumewasha majiko mawili ya mkaa karakanani na kuacha madirisha wazi, na Kasuku anageuza sufi siku nzima, nyusi nyeupe kama babu. Leo amenitazama macho yangu mekundu.

"Kinyozi hajinyoi, na fundi wa magodoro halali. Kweli wewe na shemeji mmeoana vizuri."

Mume wangu ni kinyozi, ndiyo utani wenyewe. Mchana kutwa anasikiliza mambo ya watu. Akifika nyumbani ameshajaa, hana nafasi ya yangu. Nilicheka ili Kasuku asiulize. Huyu mdogo wangu kila kitu kwake ni mzaha. Hata matangani alikuwa akichekesha watu.

Sindano saba.

Jumatano, 1 Aprili

Magodoro manne ya kwanza yako tayari. Nilifunga mlango nikalala juu ya la kwanza, nikaanza hesabu. Mvua juu ya bati. Harufu ya sufi. Kufika pumzi ya thelathini na kitu, likaja. Mchana! Saa tano asubuhi, macho wazi, Kasuku anaimba uani. Moyo, vidole, ile sauti iliyokwisha kupita. Niliruka kama niliyelalia makaa.

Kasuku akasukuma mlango. "Tayari, dada? Umelilalia?"

"Nimelilalia."

"Na hayo mengine?"

"Nitayalalia baada ya chakula."

Baada ya chakula nilikaa juu ya kila moja, nikalibonyeza kwa viganja, nikahesabu mia kwa mdomo tu. Kasuku aliyapanga ukutani. Ndugu yangu hajawahi kunishuku kwa jambo la kazi.

Sindano saba.

Jumanne, 7 Aprili

Saa nane na dakika kumi. Mume wangu kaacha taa tena. Ndara zangu nimezikuta mlangoni mwa chumba zimeelekea nje, wakati nakumbuka nilizivua chini ya kitanda. Nimeanza kusahau hata nilikovua viatu. Ndivyo watu wanavyoanza kurukwa na akili?

Alhamisi, 9 Aprili

Magodoro tisa. Kasuku: "Umeyalalia?" Nikasema nimeyalalia. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, na wa tatu sikuusikia hata ulipotoka.

Jumatano, 15 Aprili

Leo mwaka mmoja. Hakuna aliyesema kitu karakanani, si mimi, si Kasuku. Alichekesha zaidi ya kawaida, nami nikamchukia siku nzima.

Nitaliandika hapa mara moja, kwa sababu kama nililolificha kwa daktari nikilificha na kwa daftari, nitakuwa naandika nini?

Mwaka jana, siku kama hii, mvua kama hii. Baba alimaliza godoro la watu wawili baada ya chakula cha mchana. Akavua kofia, akajinyoosha, akafumba macho. Anapima. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa hatua mbili, nashona pindo. Kasuku aliingia na kikapu cha sufi akataka kumwuliza kitu, kisha akajizuia mwenyewe, akacheka: "Tusimwamshe mzee, yuko kazini." Nami nikacheka. Akatoka. Nikaendelea kushona.

Nilimaliza upande mrefu. Nikageuza, nikaanza upande mfupi. Nilifikiri leo anahesabu taratibu, uzee huo. Nilifikiri labda kapitiwa na usingizi, apumzike, kafanya kazi tangu asubuhi. Nilikuwa nimewekwa kimya na sheria yake mwenyewe. Mvua ilipokatika ndipo niliposikia kwamba chumbani mlikuwa na pumzi ya mtu mmoja.

Alikuwa ameshapoa mikono.

Walisema ni moyo, walisema hakuhisi kitu, watu husema hivyo. Mimi najua mvua ile ingemeza hata honi ya lori. Kama aliniita? Kama alifungua kinywa mara moja akataja jina langu, nami nipo hatua mbili tu, nashona pindo zuri lililonyooka? Mtu mwingine yeyote angemwona mzee amelala kimya mchana angemgusa. Sisi tu, watoto wa fundi wa magodoro, ndio tungeweza kukaa na baba anayekufa na kusema yuko kazini.

Sikuhesabu sindano leo.

Alhamisi, 16 Aprili

Saa nane na dakika kumi.

Ijumaa, 17 Aprili

Saa nane na dakika kumi. Saa kumi. Sikulala tena.

Jumatano, 22 Aprili

Magodoro kumi na saba. Nafanya kazi usingizini na nalala kazini. Nimepiga vifundo mstari mzima bila kukumbuka hata kimoja. Yote ni kitambaa kilekile, kipimo kilekile, yamepangwa hadi dari, siwezi kujua lipi nilishona lini.

Ijumaa, 24 Aprili

Matroni amepita kuyaona. Akaweka kiganja juu ya moja, akakibonyeza. "Unayalalia kweli, fundi? Nasikia baba yako hakuwahi kutoa godoro bila kulilalia." Nikasema ndiyo. Akanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua ilipumzika saa tisa alasiri, na lori la shule likaja mbio kuwahi nafasi hiyo. Nilikuwa namalizia la ishirini na nne. Kukawa na makelele, shikeni huku, angalieni tope, funikeni turubai. Yameondoka yote. Nimelala kitini bila kuvua viatu.

Ijumaa, 1 Mei

Jana nilipumzika. Leo nimefagia karakana. Nikatazama ubao.

Sindano sita.

Nimefagia tena kwa mikono. Nimepepeta takataka za sufi, nimekung'uta magunia, nimepasua mto wa kiti. Tundu la kwanza kushoto liko tupu, tundu la baba. Sindano ya shaba. Tangu tarehe kumi na tano sijahesabu hata siku moja. Iko ndani ya godoro mojawapo kati ya ishirini na manne, na Jumapili watoto wanafika.

Ni saa saba usiku na sijalala, kwa hiyo leo hakuna cha kuniamsha. Namwona tu huyo mtoto. Ana miaka sita. Usiku wa kwanza analia, anajitupa kitandani kwa kifua, kama watoto wanavyojitupa.

Nikisema, jina la baba limekwisha katika mji huu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwisho na mwisho wake ni kitanda cha mtoto wa watu.

Jumamosi, 2 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, hata kama ni hadi asubuhi.

Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Kasuku. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Sindano ya baba imo ndani ya godoro."

Akatema povu. "Haiwezekani. Ungeisikia ulipolala."

"Sikulala."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Nilidhani atafoka. Ningependa afoke. Alikaa kizingitini na mswaki wake, nami nikamweleza: saa nane na dakika kumi, jikoni, barazani kwenye mvua, daktari, pumzi thelathini za mchana ule. Nikamweleza na ile sauti. Kasuku, asiyenyamaza akitafuna, alinyamaza hadi nikaogopa.

"Ni mimi niliyesema tusimwamshe," akasema.

"Sote tulicheka."

"Wewe ulicheka. Mimi ndiye niliyesema. Mwaka mzima naongea, dada, kwa sababu nikinyamaza tu naisikia ile sentensi yangu."

Na mimi nilimchukia kwa kuchekesha watu.

Hatukulia sana, hapakuwa na muda. Akaleta wazo la sumaku ya spika ya redio, kisha mwenyewe akakumbuka: sumaku haishiki shaba. Kuyafumua yote na kuyajaza upya ni kazi ya wiki mbili. Ikabaki njia ya baba.

Matroni alitusikiliza amesimama kati ya vitanda, funguo mkononi. Nilimwambia kwamba nilimdanganya. Akavua miwani, akaiachia kifuani.

"Watoto wangu wanafika kesho saa nne."

"Najua, Matroni."

"Basi unangoja nini? Lala."

Bweni ni refu, vitanda kumi na viwili kila upande, madirisha madogo ya juu, bati. Mvua ilianza nilipolala kitanda cha kwanza, na bila shaka ilinisubiri. Nilifumba macho. Moja. Mbili. Tatu. Nilifika ishirini.

"Dada, uko?"

Niliinuka kwa kiwiko. "Nahesabu! Unavunja sheria!"

"Sheria hiyo imeshamuua mmoja," Kasuku akasema. Alikuwa kakaa kitanda cha pili, mikono kati ya magoti, uso wake sijawahi kuuona vile. "Hesabu. Lakini nikiuliza ujibu. Sitakaa tena na mtu aliyenyamaza juu ya godoro. Uko?"

"Niko."

Basi tukaenda hivyo. Kila pumzi kumi, uko, niko. Chali, ubavu, kifudifudi, geuza. Kitanda cha pili. Cha tatu. Matroni alileta kiti akakaa, akajifanya anapanga shuka. Kufika cha sita nilikuwa karibu naona raha.

Likaja kitanda cha tisa, upande wa pili, pumzi ya arobaini.

Nililijua linavyopanda: kwanza viganja, kisha kifua kinafungwa kama mzigo unaokazwa kamba. Bweni likawa mbali. Kila kitu mwilini kiliniambia kimbia, mlango uko pale, na ningekimbia. Lakini mtu aliyeruka hajalala, na kitanda kisicholaliwa kina mtoto. Nikashika kingo za godoro kwa mikono miwili.

"Kasuku! Limekuja!"

"Nipo hapa. Uko?"

"Nakufa!"

"Daktari kasema hufi. Toa pumzi. Uko?"

"Niko."

"Polepole. Uko?"

Sijui mara ngapi aliuliza. Najua sauti yangu ilikuwa ya mtu anayezama, na kila nilipoitoa kulikuwa na mwingine wa kuipokea. Nikaisikia na ile ya usiku, ile inayopita kabla sijaamka. Safari hii sikuikimbia. Nikabaki pale nikaisikiliza. Haikusema jina langu. Ilikuwa mvua tu juu ya bati, na moyo wangu mwenyewe, na kati yao pengo ambalo nimekuwa nikilijaza kwa baba. Labda aliita. Labda hakuita. Sitajua mpaka naingia kaburini, na nililala pale nikiwa sijui, na sikufa.

Likaanza kushuka. Polepole, kama daktari alivyosema, huyo binti. Matroni alikuwa amesimama, shuka imeanguka miguuni mwake.

"Arobaini na ngapi?" nikauliza.

"Anza upya," Kasuku akasema, na machozi yanamtoka hadi kidevuni. "Baba angekuambia uanze upya."

Nikaanza upya. Cha kumi. Cha kumi na tano. Tulikula mkate tumesimama. Jioni ikaanza kuingia na Matroni akawasha taa. Cha ishirini. Cha ishirini na moja, upande wa kwanza, hakuna. Tukaligeuza. Pumzi ya sita nilijiviringisha kuelekea ubavu wa kushoto, na kitu kikaniingia chini ya bega, chembamba, cha baridi.

Nilipiga yowe, kisha nikacheka, na nilipocheka nikashindwa kuacha.

"Uko?" Kasuku akapiga kelele. "Dada! Uko?"

"Niko! Ninayo! Usiniguse, ninayo!"

Matroni alifungua mshono kwa mkasi wa kucha, akaichomoa mwenyewe, akainyanyua kwenye taa. Imepinda vilevile. Akanifuta damu, akanibandika plasta kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kesho asubuhi uende ukadungwe ya pepopunda."

"Nimetafuta sindano kutwa nzima nipewe nyingine?" nikasema.

Ndipo Matroni alipocheka. Kisha akasema yaliyobaki matatu nayo niyalalie, hata kama sindano imepatikana. Nikayalalia.

Jumapili, 3 Mei

Nimedungwa. Mkono unauma kuliko bega. Nilipita nje ya shule saa nne nikaona masanduku ya bati na nywele zilizosukwa jana. Mmoja alikuwa akilia kweli kweli, kang'ang'ania gauni la mama yake. Nikaondoka kabla Matroni hajaniona.

Jioni nilimweleza mume wangu kila kitu, tangu tarehe sita Machi. Alikuwa anasafisha mashine yake ya kunyolea kwa brashi ndogo. Hakuinua kichwa.

"Saa nane na dakika kumi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Siku ya kwanza ulisema nisikuguse. Sikukugusa." Akapuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Nikaona basi usijikwae gizani. Taa nikawa naiacha. Ndara nikawa naziweka mlangoni. Halafu namsikiliza mtu wangu mpaka arudi kitandani."

"Kila usiku?"

"Fundi, kuna mtu anaweza kulala katika nyumba hii?"

Na mimi niliyemwandika hapa kwamba atajua harufu ikianza. Nimetaka kuuchana ukurasa ule. Nimeuacha, nione aibu kila nikiufungua.

Nikamfundisha neno la kuuliza, na neno nitakalojibu.

Sindano saba.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Nimeandika haya kitandani, sikwenda jikoni.

Saa nane na dakika kumi likaja. Moyo, vidole, pumzi nusu. Kulishinda Jumamosi hakukunipa nafuu yoyote, halikumbuki. Nilikaa nalo, nimeshika kingo za godoro ambalo baba alilishona mwaka nilioolewa.

Gizani, mume wangu akauliza, "Uko?"

Nilichelewa kujibu. Pumzi haikutosha maneno.

Akauliza tena, karibu zaidi, na nikasikia kwamba na yeye anaogopa.

"Niko," nikasema.